UZI: Rangi ya soksi za kuvaa na kilti ya Kiskoti. Namna ya kuchagua, na makosa yanayojirudia

Fundi wa Mikunjo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wa harusi za Scotland ukifika, maswali ni yale yale: kilti (ile sketi ya mikunjo ya wanaume wa Kiskoti) imepatikana, koti limepatikana, kwenye soksi watu wanakwama. Wengine wanavaa zozote zilizokuja na nguo za kukodi. Wengine wanasaka rangi ile ile ya kilti wakidhani huko ndiko kupatanisha. Kote kuwili mtu akiingia ukumbini macho ya watu yanaenda kwenye miguu yake kwanza. Naweka utaratibu hapa, wenye ujuzi mjazie.

Soksi ninayoizungumzia ni ile ndefu ya sufu yenye ukingo mpana unaokunjwa kwa nje. Ukishakunja, sehemu ya juu kabisa inakaa vidole vitatu hivi chini ya pia ya goti. Pindo la kilti nalo linaishia katikati ya goti. Kwa hiyo kati ya kilti na soksi kuna kipande cha ngozi kinachobaki wazi. Kipande hicho ndicho kinachowatenganisha, na kwa sababu kipo, soksi hailazimiki kufanana na kilti. Inatakiwa isigombane nayo tu.

Chagua kwa mpangilio huu: kilti, koti, soksi, riboni za gata (mkanda wa mpira unaoshikilia soksi), tai. Anayeanza na tai kwa sababu bibi harusi ameshachagua rangi ya mashada hufika kwenye soksi akiwa hana pa kugeukia.

Sasa tazama kitambaa chenyewe. Tartani, yaani kitambaa cha kilti chenye mistari inayokatana, mara nyingi cha ukoo fulani, ina rangi ya uwanja, ile inayoonekana hata ukiwa mbali. Ina mistari mipana inayoikata. Halafu ina mistari myembamba, mara nyingi nyekundu, njano au nyeupe. Soksi usiitoe kwenye uwanja. Kilti inafumwa kwa uzi laini uliosokotwa ukabana, kwa hiyo uso wake unarudisha mwanga. Soksi inafumwa kwa uzi mnene wenye manyoya, unaomeza mwanga. Hata kama rangi imetoka pipa moja, soksi itaonekana imefifia kuliko kilti, na mtazamaji ataona umejaribu kulinganisha ukashindwa. Chukua rangi ya pili au ya tatu, au toka nje ya tartani kabisa uchukue rangi tulivu: kijivu cha mkaa, kijani cha Lovat, rangi ya shayiri.

Jambo la pili linasahaulika kuliko yote. Tartani moja hufumwa kwa familia kadhaa za rangi, na kwenye lebo utakuta neno Modern, Ancient, Weathered au Muted. Michoro ni ile ile, rangi ndizo tofauti. Modern ni zile zilizokolea: kijani cha chupa, bluu inayokaribia weusi, nyekundu kali. Ancient ni nyepesi: kijani cha jani changa, bluu ya mbingu, nyekundu inayoelekea chungwa. Weathered imepauka kama kitambaa kilichokaa ardhini, kijani kimegeuka kahawia na bluu imegeuka majivu. Soksi ya kijani cha chupa inakaa vizuri na Modern. Ivalishe na Ancient ile ile ya ukoo ule ule, mguu unakuwa mzito kama buti. Kwa Ancient tafuta Lovat au kijani cha kuvu. Kwa Weathered tafuta rangi ya ugoro, kijani cha jeshi au kijivu chenye joto.

Kwa asiyeijua Lovat: ni uzi wa nyuzinyuzi za kijani, bluu na kahawia zilizochanganywa kabla ya kusokotwa. Ukiisogeza karibu unaziona zote, ukiiweka mbali inakuwa kijani kimoja kilichotulia. Ndiyo maana inakubaliana na tartani nyingi kuliko soksi yoyote ya rangi moja.

Mama Wawili

Asante mkuu. Naomba jibu la moja kwa moja. Kilti ni Royal Stewart ya Modern, koti jeusi la Prince Charlie (lile fupi la heshima la jioni), sherehe ni ya jioni Glasgow. Duka la kukodi limeweka soksi za krimu. Zibadilishwe au ziachwe?

Fundi wa Mikunjo

Zibadilishwe, dada. Royal Stewart uwanja wake ni mwekundu na ndani yake kuna bluu, kijani, nyeusi, njano na nyeupe. Ina kelele ya kutosha, soksi kazi yake ni kuituliza. Omba kijani cha chupa. Bluu iliyokolea ni ya pili. Nyeusi inakubalika kwa sababu koti ni jeusi, lakini kwenye mwanga hafifu wa ukumbi, soksi nyeusi, kiatu cheusi na kamba zake nyeusi zinazozungushwa mguuni huwa kitu kimoja, na ufungaji wa kamba hauonekani tena. Nyekundu usiiguse. Riboni ziwe nyekundu, hapo ndipo kilti inapojibiwa.

Maduka mengi ya kukodi yana rangi nyingine stoo, wanatoa krimu kwa kuwa inakubali kilti yoyote bila mtu kufikiri. Sema siku ya kupimwa. Ukingoja siku ya kuchukua nguo, saizi yako inaweza kuwa imeshatoka.

Mzee wa Zumari

Fundi, hapo kwenye krimu unahukumu haraka. Soksi nyeupe na za krimu zilienea nusu ya pili ya karne ya 20, na bendi za zumari za mfuko za Kiskoti zilichangia sana. Sababu yake ina maana: watu ishirini wanatembea kwa hatua moja, soksi nyeupe zinaonyesha hatua hiyo hata kwa aliye mbali uwanjani. Zikawa sare. Maduka ya kukodi yakafuata, na leo mamia ya maharusi wanazivaa bila aibu yoyote. Huwezi kumwambia mtu amekosea.

Fundi wa Mikunjo

Mzee, kwenye bendi nakubaliana nawe asilimia mia. Lakini sababu uliyoitoa ndiyo hoja yangu. Soksi nyeupe zinavutia macho kwenye hatua. Bwana harusi hatembei kwa hatua za gwaride, anataka atazamwe usoni. Kwenye picha ya flashi ni mbaya zaidi: kamera inapima mwanga kwa uso, soksi inaungua inakuwa bapa jeupe, mafundo na misuko yote ya ufumaji inapotea. Anayependa rangi nyepesi avae rangi ya shayiri au kijivu cha majivu. Nyepesi ni nyepesi, lakini ufumaji unaonekana.

Mzee wa Zumari

Rangi ya shayiri na koti la twidi (kitambaa kinene cha sufu), mchana, hapo sina neno. Na Prince Charlie jioni naona inapwaya.

Nyuzi Mia

Nyongeza kwa wanaotaka kuwa na uhakika na tartani yao. Scotland ina daftari la taifa la tartani, lilianzishwa kwa sheria ya bunge lao ya 2008 na linaweza kusomwa bure mtandaoni. Rekodi nyingi zinaonyesha picha ya tartani na rangi zake. Ukipata pia hesabu ya nyuzi, inaandikwa kwa herufi ya rangi na idadi, kwa mfano G24 B18 K12 R4: kijani 24, bluu 18, nyeusi 12, nyekundu 4.

Soma hivi. Yenye nyuzi nyingi ni uwanja, iache. Zenye idadi ya kati, hapa bluu na nyeusi, ni za soksi. Yenye nyuzi chache kabisa, hapa nyekundu, ni ya riboni. Mstari wa nyuzi nne za nyekundu ni mguso tu, na riboni ya sentimita tano nayo ni mguso. Uzito unalingana. Soksi nzima nyekundu kwa ajili ya nyuzi nne ni kuzidisha.

Lakini hesabu inakwambia rangi, haikwambii kivuli chake. R inaweza kuwa nyekundu ya Modern au ya Ancient. Kivuli utakiona kwenye kitambaa chenyewe tu.

Kipepeo wa Leith

Wakuu, tartani ya Black Watch je? Haina mstari mwembamba hata mmoja. Bluu, kijani, nyeusi, basi.

Nyuzi Mia

Ndiyo ngumu kuliko wanavyodhani wengi. Rangi zote tatu ni nzito na hakuna ya kuchomoa. Mchana na twidi vaa Lovat, riboni kijani au bluu ya kilti. Jioni vaa kijivu cha mkaa au kijani cha chupa, na kama tai ina rangi ya damu ya mzee, riboni zichukue hiyo. Hapa pekee riboni zinaruhusiwa kutoka nje ya tartani, kwa kuwa tartani haina cha kuzipa.

Ndugu zake wana nafuu. Gordon imejengwa juu ya Black Watch ikaongezwa mstari wa njano. Mackenzie ikaongezwa mweupe na mwekundu. Soksi ni zile zile za kijani au bluu nzito, riboni ndizo zinazotofautisha. Kwa Gordon chukua njano iliyokomaa, ya haradali. Njano ya limau inapiga kelele.

Fundi wa Mikunjo

Niongeze MacLeod of Lewis, ile ya njano na nyeusi yenye mstari mwekundu. Watu wanaweka soksi za njano. Hapana. Mkaa au nyeusi, riboni nyekundu, imekwisha.

Binti Pangani

Naomba kuuliza jambo ambalo maelezo ya huko hayaligusi kabisa. Ushauri wote unaandikwa kwa mtu mwenye goti jeupe. Ngozi yetu nyeusi inabadilisha nini?

Fundi wa Mikunjo

Inabadilisha, na nashukuru umeuliza. Nilisema kuna kipande cha ngozi kati ya kilti na soksi. Kwa ngozi nyeupe kipande hicho ni mstari mwepesi, kwa hiyo soksi yoyote nzito inajitenga nacho. Kwa ngozi nyeusi sana, soksi ya mkaa au nyeusi inaungana na mguu. Ukisimama mita tano ukingo wa soksi hauonekani, mguu unakuwa kitu kimoja kutoka pindo la kilti hadi kiatu, na ukingo mzuri uliosukwa umepotea. Soksi ya krimu inafanya kinyume chake: inakata mguu ghafla na kuufanya uonekane mfupi.

Zinazokaa vizuri ni za kati: kijani cha chupa, damu ya mzee, zambarau iliyotulia, bluu yenye uhai kidogo, kijivu cha wastani. Lovat inapendeza mno kwa sababu ina nyuzi nyepesi ndani yake. Kama mwenye harusi ameamuru wote wavae mkaa, chagua zenye ukingo uliosukwa kwa mafundo makubwa ili kivuli cha mafundo kionyeshe mwisho wa soksi, na riboni ziwe za rangi kali zaidi.

Jaribio lake ni jepesi. Weka kilti, soksi na mguu wako kwenye picha moja karibu na dirisha, mchana, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama ukingo wa soksi umetoweka kwenye ngozi, rangi hiyo ni nzito mno kwako. Kama soksi ndiyo kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha, ni nyepesi mno.

Kipepeo wa Leith

Hili la picha nimelichukua. Kwa nini dirishani? Taa za dukani si zinatosha?

Nyuzi Mia

Hazitoshi. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja zikaachana chini ya nyingine, hasa kijani na bluu. Kwenye taa ya manjano, bluu iliyokolea huonekana nyeusi kabisa. Angalia mara mbili: mchana nje, na usiku chini ya taa zinazofanana na za ukumbi. Na usiende dukani na rangi kichwani, akili huikumbuka ikiwa kali kuliko ilivyo. Omba kipande cha kitambaa kwa aliyeshona kilti, mara nyingi wanabakiza.

Mzee wa Zumari

Kwa riboni naomba nieleze mimi, maana naona zinavaliwa vibaya kila mahali. Riboni zimeshonwa kwenye gata, yaani mkanda wa mpira. Gata inavaliwa juu ya soksi kabla ya kukunja ukingo, mahali mguu unapokonda chini ya goti, juu ya msuli wa shavu la mguu. Ukiifunga kwenye msuli wenyewe, kila hatua msuli unaisukuma na soksi inashuka. Kisha unakunja ukingo chini kuifunika, zinabaki ncha za riboni peke yake zikichungulia sentimita nne hadi tano. Zikae upande wa nje wa mguu, mbele kidogo. Zikiwa katikati mbele au nyuma zinaonekana zimezunguka zenyewe.

Gata isikaze mpaka iache alama ya zambarau kwenye ngozi. Inatosha kidole kimoja kupita kwa shida kidogo.

Kuhusu tai: si lazima ifanane na riboni, ila zote mbili zitoke kwenye tartani moja. Tai ya kijani na riboni nyekundu, sawa. Tai ya waridi ya mashada na riboni za waridi zisizo kwenye kilti, hapo ni pambo la meza limepanda mwilini.

Binti Pangani

Na zile soksi zenye maumbo ya almasi? Nimeziona kwenye picha za jeshi.

Mzee wa Zumari

Hizo ndizo zenye asili ndefu. Zamani soksi za nyanda za juu za Scotland zilikatwa kwenye kitambaa cha tartani chenyewe, kikawekwa mshazari ili kivutike, kikashonwa kufuata mguu. Mraba ukiulaza mshazari unakuwa almasi. Wafumaji wa soksi baadaye wakaiga umbo hilo kwa sindano. Vikosi vya Kiskoti vikawa na zao: Cameron Highlanders nyekundu na kijani, Argyll and Sutherland nyekundu na nyeupe, Black Watch nyekundu na nyeusi. Wacheza ngoma wa Highland mpaka leo wanavaa za rangi za kilti yao.

Kwa raia, soksi hizi ni za usiku wa heshima kubwa, na hapa kanuni ya Fundi ya kutofuata uwanja haifanyi kazi, kwa kuwa soksi yenyewe ni tartani. Rangi zake mbili zitoke kwenye kilti, na moja inaweza kuwa ya uwanja. Sharti ni familia ya rangi iwe ile ile. Almasi nyekundu ya Modern na kilti ya Ancient ni kama kucheza zumari mbili zisizopatanishwa sauti. Riboni zake ziwe za rangi moja tulivu. Wenye uwezo huagiza zifumwe kwa mkono, kwa hiyo muda uwepo.

Mdau wa Nyali

Habari za jioni wakuu. Huku Mombasa kuna sherehe Januari, ya kumkumbuka Robert Burns, mshairi wa Scotland, na mavazi ni kilti. Sufu kwenye joto hili? Pamba haifai?

Nyuzi Mia

Pamba ndiyo ya kukimbia, ndugu. Uzi wa sufu una mikunjo ya asili, unavutika na kurudi. Pamba ikivutika na kulowa jasho hairudi, saa moja soksi iko kwenye kifundo cha mguu hata gata ikaze vipi. Tafuta sufu laini ya merino, nyembamba, iliyochanganywa na nailoni, theluthi moja nailoni inatosha kuipa nguvu kisiginoni. Zile nene za bendi ziache.

Rangi kwa joto: jasho linaonekana zaidi kwenye kijivu chepesi. Kijani na bluu nzito zinaficha. Na kama sherehe inaanza nje kabla ya jua kuzama, epuka krimu, vumbi jekundu haliitoki kirahisi.

Mama Wawili

Nimeshaomba kijani cha chupa, wanazo. Sasa usafi: hizi ni za kukodi, lakini za watoto tumenunua. Zinafuliwaje? Na soksi za watoto zinateremka mno.

Fundi wa Mikunjo

Zigeuze ndani nje. Joto la maji lisizidi nyuzi 30 za Selsiasi, sabuni ya sufu, bila kusugua. Maji ya moto pamoja na kusugua yanashikamanisha nyuzinyuzi, soksi inasinyaa na kuwa ngumu, na hairudi. Dawa ya kung'arisha yenye klorini inakula sufu na kuifanya njano, hasa hizo za krimu. Usizianike kwa kuzitundika, uzito wa maji unarefusha mguu. Zilaze juu ya taulo. Za damu ya mzee na nyekundu fua peke yake mara mbili tatu za mwanzo. Na riboni zitolewe kabla: riboni nyekundu mpya ikilowa mvua inatoa rangi kwenye ukingo wa soksi nyepesi. Ikitokea, maji baridi papo hapo, usisubiri ikauke.

Kuteremka kwa watoto: mashavu ya miguu yao bado membamba, gata haina pa kushika. Nunua gata ya kurekebisha, yenye kunata, na soksi ya saizi ya kiatu chao cha sasa. Soksi kubwa ya "atakua nayo" inajaza mikunjo kwenye kifundo.

Rangi ya watoto ifuate ya baba, lakini zinunuliwe siku moja duka moja. Kundi la kupaka rangi likibadilika, kijani cha chupa cha mwezi huu na cha mwezi ujao si kimoja, na kwenye picha ya familia wakiwa wamesimama bega kwa bega itaonekana.

Kipepeo wa Leith

La mwisho kutoka kwangu: kile kisu kidogo cha soksini, sgian-dubh, kinahusika na rangi?

Mzee wa Zumari

Kinahusika kidogo. Kinakaa soksi ya mkono unaoutumia, mtumia mkono wa kulia soksi ya kulia, upande wa nje kidogo nyuma ya riboni, mpini peke yake ukionekana juu ya ukingo. Mpini mweusi wenye fedha unapotea kwenye soksi nyeusi, unang'aa kwenye kijani na kijivu. Mpini wa pembe ya kulungu ni wa mchana, na unapatana na Lovat na rangi ya shayiri. Hakikisha ala imekaa chini ya gata, la sivyo inalegea na kuvuta ukingo upande mmoja. Anayesafiri kwa ndege akiweke kwenye begi la mizigo, si la mkononi. Na watoto wa Mama Wawili wavae bila kisu, kuna vya plastiki vyenye mpini tu vinavyofanana kabisa.

Mama Wawili

Nimeelewa. Riboni nyekundu, kijani cha chupa kwa wote watatu, na za watoto nanunua kesho duka lile lile.